Joto la Usiku Lisikutoe Ndani ya Chandarua



Katika vijiji vyetu vya bonde la Kilombero, mtu akiamka usiku ameloa jasho tunajua la kusema. Tunasema ana malaria. Hatungoji kipimo. Asubuhi mtoto anatumwa dukani, analeta vidonge, mgonjwa anameza. Akiloa tena mwezi ujao, anameza tena.

Si ajabu kwamba tunafikiri hivyo. Malaria imelitesa bonde hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Kijiji cha Namawala kinajulikana kwa wataalamu wa nchi za mbali kwa sababu ya mbu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walitega mbu katika nyumba za Namawala, wakawahesabu na kuwapima. Waliona kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku. Watu waliokulia katika hali hiyo huwezi kuwalaumu wakiita kila jasho malaria.

Lakini mimi naona kwamba mazoea hayo yanawaumiza watu fulani zaidi ya wengine. Watu hao ni kina mama wenye miaka arobaini na kitu hadi hamsini na kitu. Wengi wao huamka usiku wameloa jasho, na malaria hawana. Wanakoma hedhi.

Jambo hili halisemwi. Msichana akivunja ungo anapata kungwi wa kumfundisha. Mwanamke akijifungua anazungukwa na mama, dada na shangazi. Lakini mwanamke akikoma hedhi hapati kungwi. Anaachwa peke yake na joto lake, tena usiku, wakati wengine wamelala.

Basi tuseme wazi. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Haikomi kwa siku moja. Kwanza inakuja ovyo. Mwezi huu inakuja, miezi miwili inapita, kisha inarudi kwa wingi. Miezi 12 ikipita mfululizo bila kuona damu, ndipo tunasema hedhi imekoma. (Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Wapo waliodhani wamekoma, kumbe ni mtoto.)

Kwa nini mwili unawaka? Katika mwili wa mwanamke kuna kitu kinachoitwa homoni. Homoni mojawapo inaitwa estrojeni. Wakati wa kukoma hedhi estrojeni hupanda na kushuka, kisha hupungua sana. Sasa, ndani ya ubongo kuna mahali panapolinda joto la mwili. Pafananishe na mpishi anayetazama moto wa jikoni. Moto ukizidi anatoa kuni, ukipungua anaongeza. Estrojeni ikipungua, mpishi huyu anakuwa mwepesi wa kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, anadhani chungu kinaungua. Anaifungua mishipa ya damu iliyo kwenye ngozi. Uso, shingo na kifua vinawaka. Moyo unakwenda mbio. Jasho linamwagika. Baada ya dakika chache mwili umepoa kupita kiasi, na mama anatetemeka kwa baridi.

Umeona? Joto, jasho, kisha baridi. Ndiyo maana watu wanaita malaria. Hali hii inaweza kuja mara kadhaa kwa usiku mmoja, na kwa wanawake wengi huendelea kwa miaka. Wengine miaka minne, wengine saba, wengine zaidi. Wengine hawaipati kabisa, na hao wasiwacheke wenzao.

Kukoma hedhi si ugonjwa. Lakini kukosa usingizi miaka minne ni mateso, na mtu asikudanganye kwamba ni jambo dogo. Mama asiyelala anasahau chumvi. Anagombeza watoto bila sababu. Anajikata kwa jembe. Mchana anasinzia akiwa na mzigo kichwani. Halafu tunasema fulani siku hizi amekuwa mkali.

Sasa nieleze kwa nini naona jambo hili ni zito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa mijini au wa nchi za baridi.

Mama anayewaka usiku hutafuta hewa. Ndani ya chandarua hewa ni nzito, kwa sababu matundu madogo yanayomzuia mbu yanapunguza pia upepo. Basi anakifunua chandarua na kukitupa juu ya kamba. Au anatoka na mkeka wake, anajilaza barazani. Anapata nafuu kidogo. Mbu naye anapata chakula.

Siku hizi mbu anayeeneza malaria zaidi bondeni ni yule ambaye wataalamu wanamwita Anofelesi funestasi. Huyu anapenda damu ya watu. Tena huuma zaidi kuanzia usiku wa manane kuelekea mapambazuko. Hizo ndizo saa ambazo mama mwenye joto yuko nje.

Vyandarua vyenyewe tumevipata kwa jasho. Mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulianza mpango mkubwa wa kuwauzia watu vyandarua vyenye dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliwaokoa watoto wadogo. Vifo vilipungua kwa asilimia 27, yaani zaidi ya robo. Bibi anayelala leo na mjukuu wake ndani ya chandarua kimoja, akikifunua, hamwachi wazi yeye peke yake. Mjukuu naye anaumwa na mbu.

Hivyo kosa letu lina pande mbili. Jasho lisilo la malaria linatibiwa kwa dawa za malaria. Na joto hilo hilo linamtoa mama nje, akaipate malaria ya kweli. Ikija, atakuwa amekwisha kuzoea jasho, atasema ni mambo ya umri tu. Anaweza kufa kwa kusema hivyo.

Je, utajuaje lipi ni lipi? Kwa kuhisi tu, huwezi kuwa na hakika. Ziko dalili za kukusaidia kufikiri. Joto la kukoma hedhi huja ghafla na kupita kwa dakika chache. Ukiweka kipimajoto hakionyeshi homa. Likishapita, mtu anarudi kuwa mzima, ingawa amechoka. Malaria haipiti kwa dakika tano. Homa inakaa kwa saa nyingi, kichwa kinauma, viungo vinauma, chakula hakipendezi, mwengine anatapika. Kipimajoto kikionyesha 37.5 au zaidi, hiyo ni homa.

Lakini mwenye kusema neno la mwisho ni kipimo. Kwenye zahanati mganga anachukua tone moja la damu kidoleni na kuliweka juu ya kipimo cha haraka. Hazipiti dakika 20, jibu limepatikana. Kama ni malaria, utapewa dawa mseto, umalize dozi yote. Kama si malaria, usinunue dawa ya malaria. Hapo nasema kwa ukali kidogo, kwa sababu watu wengi wakiambiwa hawana malaria wanakasirika, wanasema kipimo kibovu, wanapita dukani. Fedha inapotea, na ugonjwa wa kweli kama upo unabaki umejificha. Tena dawa ikitumiwa ovyo, vijidudu vinaweza kuizoea. Huko Kagera vimekwisha kupatikana vijidudu vya malaria vilivyobadilika namna ya kuipunguzia nguvu dawa hii tunayoitegemea.

Jambo moja la kukumbuka: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mwambie mganga ulimeza dawa mseto lini mara ya mwisho.

Hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunapofaa. Chukua daftari, hata lile la mtoto lililobaki kurasa chache. Kila ukiamka usiku kwa joto, asubuhi andika. Andika hivi:

Jumanne. Saa nane usiku. Joto na jasho. Dakika tano. Kichwa hakiumi.

Andika pia siku uliyoona damu, na siku uliyopimwa malaria na jibu lake. Baada ya mwezi mmoja mpelekee mganga daftari. Ataona mambo ambayo usingeweza kuyakumbuka ukiwa umesimama mbele yake na watu thelathini nyuma yako. Na wewe mwenyewe utaona. Pengine joto linakuja zaidi siku za pombe. Pengine linakuja zaidi ukila umechelewa.

Sasa tuje kwenye usingizi wenyewe. La kwanza ni kukifanya chandarua kikalike. Kitundike juu, kiwe kipana, kisikuguse mwilini. Weka kitanda mahali ambapo upepo unapita, kati ya dirisha na mlango au kati ya madirisha mawili. Katika nyumba nyingi dirisha la chumba cha kulala limezibwa na magunia ya mpunga. Yaondoe hapo. Dirisha likiwekewa wavu wa kuzuia mbu, linaweza kubaki wazi usiku kucha. Bati linatunza joto la jua hadi usiku. Mwenye kujenga upya afikirie dari, au mwanya wa juu uliowekwa wavu. Nyumba za nyasi zilituzidi kwa ubaridi, ingawa hakuna anayetamani kurudi kuezeka kila mara.

Godoro la sponji linashika joto. Tandika mkeka juu yake. Vaa khanga ya pamba, si nguo ya nailoni. Kisha, na hili ndilo muhimu, weka ndani ya chandarua kila kitu utakachokihitaji: khanga kavu ya kubadili, bakuli la maji na kitambaa cha kujipangusa shingo na kifua, na kipepeo cha ukili kile cha kupepea jikoni. Joto likija, unajipangusa, unajipepea, unabadili khanga, unalala. Mguu haujatoka nje. Kama kweli huwezi kukaa ndani ya nyumba, hasa miezi ile ya joto kabla ya mvua, basi toka pamoja na chandarua. Kitundike nje.

Oga jioni. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, zisinywewe jioni. Pombe inaleta usingizi wa haraka, lakini usingizi wenyewe unakatika usiku wa manane, na joto linaongezeka. Sigara haisaidii. Wengine joto linachochewa na pilipili au chai ya moto sana. Hapo mtu ajichunguze mwenyewe.

Kuna mashauri mengine ambayo yamejaribiwa na wataalamu wa usingizi katika nchi mbalimbali, nayo hayahitaji fedha. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usiende kulala kabla usingizi haujakushika. Mchana ukisinzia, iwe nusu saa tu, tena kabla ya saa tisa. Na ukiwa macho muda mrefu usiku, usiendelee kujigeuzageuza huku ukihesabu saa. Wataalamu wanasema toka kitandani, ukae mahali pengine hadi usingizi urudi. Shauri hilo ni jema kwa nchi isiyo na mbu. Sisi tulibadili. Keti kitako ndani ya chandarua. Mwenye kujua kusuka ukili asuke, maana mikono yake haihitaji taa. Usingizi ukirudi, jilaze. Usiku wa kwanza hutaona faida. Endelea wiki kadhaa.

Vipi kuhusu dawa? Watu wengi wanameza Piriton ili walale, na wengine wanatafuta Valium. Mimi sizisifu. Valium mwili unaizoea, kisha hulali bila hiyo. Zote mbili zinamwacha mtu na usingizi mchana, na mama wa umri huu akianguka mifupa yake si ile ya zamani. Zipo dawa za homoni, na hizo ndizo zenye nguvu zaidi ya kupunguza joto la kukoma hedhi. Zipo pia dawa nyingine zisizo za homoni. Lakini hizi si za kununua dukani. Mwanamke aliyepata saratani ya titi, au aliyewahi kuganda damu miguuni, hatakiwi kutumia homoni bila daktari kuchunguza. Kama joto limekushinda kabisa, fika hospitali ya wilaya, umwambie daktari waziwazi. Usiseme "naumwa mwili mzima." Sema "nakoma hedhi, silali, nina joto mara nne kila usiku."

Kama wewe ni mume, soma sehemu hii polepole.

Mkeo akikusukuma usiku, hakuchukii. Ngozi yake inawaka. Akihamia mkeka wa pili, mpe chandarua cha pili, na usiende kulalamika kwa wazazi wake. Homoni inapopungua uke nao huwa mkavu, na tendo la ndoa linaweza kuuma. Hilo linazungumzika kati yenu, na kwa mganga lina msaada. Lakini likifichwa linaleta ugomvi wa bure, na nyumba iliyosimama miaka 30 inavunjika kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika kumi.

Tena tazama kazi za nyumbani. Mama aliyekuwa macho tangu saa saba usiku anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuteka maji, na ndani ya nyumba hiyo wamo vijana wawili wenye nguvu wanaokoroma. Mimi naona hiyo si haki. Wateke wao. Wakati wa kuamia ndege pia, zamu ya asubuhi sana aichukue mwingine.

Liko neno jingine, zito kidogo. Mwanamke wa makamo anayetoka nje usiku wa manane kupunga hewa huonekana na jirani. Anaonekana leo, anaonekana kesho. Baada ya hapo neno "anawanga" halichelewi. Katika nchi yetu wazee wa kike wameuawa kwa neno hilo. Kabla hujalisema, kumbuka kwamba huyo bibi pengine anatafuta upepo tu. Na kama mkeo au mama yako ndiye anayetoka, toka naye. Kaa naye mlangoni. Watu wakiwaona wawili, maneno hayapati mahali pa kukaa.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Naona jambo hili nalo lisomwe darasani namna hiyo, wanaume wakiwamo. Kina mama wakiona haya mbele ya wanaume, wasome peke yao kwanza, wiki ijayo wasome pamoja.

Nimebakiza mambo ambayo hayafai kusubiri. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda, linaweza kuwa kifua kikuu. Nenda upimwe makohozi, na kipimo hicho pamoja na matibabu yake havilipiwi. Kukojoa mara nyingi usiku pamoja na kiu kali kunaweza kuwa kisukari. Mtu anayekoroma sana na kukabwa pumzi usingizini, naye aonwe na daktari. Huzuni isiyoondoka, hata mtu akaona heri asingekuwapo, isiachwe iitwe uchovu. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata kama ni tone, usifurahi kwamba ujana umerudi. Fika hospitali wiki hiyo hiyo.

Na ukiwa shambani, kule kwenye vibanda vya mpunga, chandarua kiende nawe kama jembe linavyokwenda. Jioni ya kwanza kitundike kabla hujawasha moto wa kupikia. Homa ikikushika kule, homa ile inayokaa, usingoje kumaliza kuvuna. Ondoka siku hiyo hiyo ukapimwe, na daftari lako ulichukue.